Majina 113 ya konokono mmoja

Usiku mmoja usingizi umegoma, nipo naskroli tu, nikaingia kwenye WoRMS, ile rejesta ya dunia ya spishi za baharini, nikaandika Littorina saxatilis. Ni konokono mdogo wa kwenye miamba ya pwani za Atlantiki ya Kaskazini, pale maji yanapojaa na kupwa. Hana sumu, hawaki gizani, hana chochote cha kumfanya atrendi. Jina lake hilo la saxatilis alipewa mwaka 1792.

Nikashuka chini ya ukurasa kuona majina yake mengine.

Nikashuka tena.

Yaani hayaishi. Kila jina limewekewa alama kwamba halikubaliki, na pembeni yupo aliyelitoa na mwaka aliolitoa, huyu kaona ganda jeusi kasema hii spishi mpya, mwenzie kaona lenye michirizi kasema mpya, mwingine kaona limejikunja tofauti kidogo naye hakutaka kupitwa. Mwaka 2015 wahariri wa rejesta walitangaza hesabu yake, majina 113. Konokono mmoja tu jamani, na siyo wa kutafutwa na nyambizi, huyu ni wa kuokota kwa mkono ukiwa umekunja suruali.

Nilicheka, ila kuna kitu kikanikaa kichwani wiki kadhaa. Kila mwaka tunasoma vichwa vya habari, spishi mpya mia ngapi zimepatikana baharini, mara elfu ngapi, na mimi huwa wa kwanza kushea. Sasa kama mnyama wa hapo miguuni alishakuwa "mpya" mara zote hizo, hizi namba tunazoshea zinahesabu nini hasa?

## Matope ya mita 21

Ukitaka kujua kwa nini watu waliamua kuihesabu bahari, achana kwanza na mikutano na wafadhili, anzia kwenye matope. Miaka ya 1980 Fred Grassle, mwanabiolojia wa bahari, na wenzake walikuwa wanashusha maboksi ya chuma kwenye sakafu ya bahari mashariki mwa Marekani, nje ya New Jersey na Delaware, kina cha mita 1,500 hadi 2,500, wanachota tope, wanalichuja, wanahesabu kilichobaki kwenye chujio. Ukijumlisha sehemu zote walizochota unapata mita za mraba 21. Ni chumba cha kulala hicho, tena siyo kikubwa.

Humo wakatoa spishi 798.

Zaidi ya nusu hakuna aliyewahi kuzieleza. Minyoo mingi, kombe wadogo, vijidudu jamii ya kamba vya milimita chache. Na hapa ikumbukwe kwamba katikati ya karne ya 19 kulikuwa na msomi anaitwa Edward Forbes aliyewaaminisha watu kuwa ukishapita mita 550 hivi kwenda chini hakuna uhai, na watu walimwamini, maana nani angeshuka kubisha?

Grassle na Nancy Maciolek walichapisha mwaka 1992, wakapiga hesabu kutoka kwenye yale matope wakasema sakafu ya bahari kuu inaweza kuwa na spishi milioni 10. Wenzao wakawarukia. Wapo walioshusha mpaka nusu milioni. Ona huo mwanya, kutoka milioni 10 mpaka nusu milioni, hayo siyo makosa ya kuhesabu, hapo ni kwamba hakuna anayejua. Miaka michache baadaye Grassle akakaa na Jesse Ausubel wa Sloan Foundation, taasisi ya Marekani inayofadhili utafiti, na yale mazungumzo yakazaa Census of Marine Life, sensa ya viumbe wa baharini.

## Miaka kumi, na jibu halikuja

Sensa yenyewe wengi mnaijua. Ilianza 2000 ikaisha 2010, wanasayansi 2,700 hivi kutoka nchi zaidi ya 80, safari za baharini 540, dola milioni 650. Walimpata yule kaa mwenye manyoya mikononi, Kiwa hirsuta, kusini mwa Easter Island, zaidi ya mita 2,000 chini. Walifunga vifaa kwenye jodari wakaona mmoja anavuka Pasifiki mara tatu ndani ya siku 600. Mimi kundi nililolipenda kuliko yote ni la wanahistoria, wale walichimba kumbukumbu za kodi, madaftari ya meli na hata menyu za zamani za mahoteli ili wajue samaki gani walikuwa wengi kabla hatujawamaliza. Menyu! Sijui nani alipata hilo wazo ila angepewa tuzo.

Oktoba 2010 wakakusanyika London kutoa matokeo. Na lile swali la msingi, bahari ina spishi ngapi, hawakulijibu kwa uhakika. Walisema wazi kwamba zaidi ya asilimia 20 ya ujazo wa bahari, kwenye kanzidata yao hakuna hata rekodi moja. Siyo rekodi chache, hakuna kabisa.

Nilipokuwa nasoma upya ripoti zao wiki hizi nilisimama sehemu ambayo zamani niliipita mbio. Walisema wamepata spishi zaidi ya 6,000 wanazodhani ni mpya. Ambazo zilikuwa zimeshaelezwa rasmi mpaka siku ile ni 1,200 hivi.

Toa hesabu hapo. Zaidi ya 4,800 zilikuwa wapi?

Kwenye chupa. Zimelala kwenye spiriti, kwenye rafu za makumbusho na maabara, zina karatasi ndogo inayosema zilitolewa wapi, kina gani, tarehe gani. Zimeshavuliwa, zimeshasafirishwa, hela ya meli imeshalipwa. Bado hazina jina.

Hapo ndo nilianza kuona kwamba nilikuwa naangalia upande siyo. Muda wote nilidhani kazi ngumu ni kushuka chini.

## Orodha inayokonda

Mwaka 2011 Camilo Mora na wenzake wakatoka na namba, bahari ina spishi kama milioni 2.2, ukiacha bakteria na jamaa zao. Hawakwenda baharini, waliangalia jinsi makundi makubwa ya uainishaji yanavyojaa kadiri miaka inavyokwenda, wakaona kuna mpangilio, wakaufuata mpaka chini kwenye spishi. Mwaka uliofuata Ward Appeltans na kundi la wataalamu 120 hivi wa WoRMS wakaja na njia ya kizamani kabisa, kila mtaalamu aulizwe kuhusu wanyama wake anaowajua, wangapi wameelezwa, wangapi anadhani bado. Wao wakapata kati ya laki saba na milioni moja.

Mimi nawaamini zaidi hawa wa pili. Siyo kwa sababu hesabu yao ni nzuri zaidi, naweza kubishiwa hapo, ila kwa sababu ya kitu walichokifanya kabla ya kukadiria. Walisafisha.

Sensa ilikuwa imekadiria kwamba spishi zilizokwisha kujulikana zinakaribia 250,000. Appeltans na wenzake walipopitia jina kwa jina wakabaki na 226,000 hivi. Kufika 2015 rejesta ilikuwa imekusanya majina 418,850 na kati ya hayo 190,400 yameonekana ni marudio, mnyama yuleyule kaandikishwa mara mbili, mara tano, na wapo wa zaidi ya mara mia kama tulivyoona. Yakabaki 228,450.

Karibu nusu!

Na usidhani ni wababaishaji ndo walioleta haya. Linnaeus mwenyewe, baba wa hii kazi yote, kwenye kitabu chake cha 1758 yule nyangumi mkubwa mwenye meno, mnyama wa makumi ya tani, kamwandikia majina manne kama wanyama wanne. Ni yuleyule mmoja. Kama mnyama mkubwa hivyo alimchanganya bingwa, mnyoo wa milimita tatu una haki ya kuwachanganya wengine.

## Familia tatu

Kisa kilichonibadilisha mawazo kabisa ni cha samaki wa kina kirefu ambao kwa miongo kadhaa walikuwa wamewekwa kwenye familia tatu tofauti. Familia siyo spishi, familia ni mbali sana, ni sawa na kusema hawa hata ukoo hawajui.

Kundi la kwanza lilikuwa la vijisamaki vya karibu na juu, vyenye mkia mrefu kama utepe unaozidi mwili wenyewe. La pili vijisamaki vyembamba vya chini, vyenye pua kubwa ajabu na mdomo ambao hata kula hauwezi. La tatu samaki wakubwa kiasi, wenye kinywa kipana, hawana magamba, wanaishi kilomita moja na zaidi chini. Kila familia ina jina lake, wataalamu wake na michoro yake.

Halafu watu wakaanza kujiuliza kitu ambacho ukikisikia unashangaa kilichelewa vipi. Wale wenye mkia, kila waliyempasua ni mtoto, hajawahi kupatikana mtu mzima. Wenye pua wote ni madume. Wenye kinywa kipana wote ni majike.

Mwaka 2003 Masaki Miya na wenzake Japani walisoma DNA, wakaona wenye mkia na wenye kinywa kipana karibu hawatofautiani. Ilikuwa ngumu kuamini. Mwaka 2009 Dave Johnson wa Smithsonian, makumbusho ya Marekani, na wenzake, Miya akiwemo, wakaweka ushahidi wote mezani, DNA, mifupa, hata vielelezo adimu vilivyokamatwa katikati ya kubadilika. Familia tatu zikawa moja. Watoto, madume, majike. Dume akikua taya zinagoma kufanya kazi, ila ini linakuwa limejaa chakula alichokula utotoni, anaishi kwa akiba hiyo. Mmoja wa waandishi, John Paxton wa Australian Museum, alikuwa ametumia sehemu kubwa ya kazi yake kuwachambua samaki hao.

Sasa niambie, siku ile sayansi ilipata au ilipoteza? Kwenye orodha tulipoteza familia mbili. Kwa akili yangu ule ni ugunduzi mkubwa kuliko spishi mia za "mpya" kwenye habari, maana kwa mara ya kwanza tulijua huyu samaki anaishije. Ila hakuna gazeti litakaloandika "familia mbili zafutwa, dunia yafurahi".

## Miaka 21 kwenye spiriti

Turudi kwenye chupa.

Mwaka 2012 Benoît Fontaine na wenzake walifuatilia spishi zilizoelezwa, za nchi kavu na za majini, wakauliza kitu kimoja, tangu kielelezo cha kwanza kikamatwe mpaka spishi ipate maelezo rasmi ni muda gani? Wastani miaka 21. Mtu anakamata mnyama akiwa kijana wa masomo, jina linakuja ana mvi, au haliji akiwa hai.

Nilitaka sana kulaumu uvivu. Nikaanza kusoma kazi yenyewe inafanywaje, hasira zikaisha.

Una mnyoo mmoja. Lazima uhakikishe hajaelezwa, kwa hiyo unasoma kila kilichoandikwa kuhusu jenasi yake, yaani kundi la spishi za karibu naye, na sheria haikubali usingizie kwamba andiko ni la 1850 na limeandikwa Kijerumani au Kirusi, jina lililotangulia ndilo linalosimama. Michoro ya zamani haitoshi, inabidi uone kielelezo chenyewe alichotumia yule wa kwanza, na kiko makumbusho ya nchi nyingine, pengine kimekauka, pengine kilipotea vitani. Unapasua, unachora, unapiga picha kwenye hadubini, unahesabu vinywele vya pembeni. Unaandika. Mwisho wa yote umepata makala itakayosomwa na watu wachache sana, na ajira za sayansi zinaenda kwa kuangalia makala yako imenukuliwa mara ngapi, kwa hiyo kijana mwenye akili anaambiwa mapema na wakubwa zake, bora uende kwingine. Anaenda kweli. Yule mzee aliyekuwa anawajua hao minyoo anastaafu, na hakuna anayekaa kwenye kiti chake.

Hata meli ya Challenger, iliyozunguka dunia kuanzia 1872 mpaka 1876, ilileta vitu vingi kiasi kwamba ripoti zake zilifika juzuu 50 na ya mwisho ilitoka 1895. Kusafiri miaka mitatu na nusu, kuandika karibu ishirini. Uwiano huo haujabadilika sana.

Na WoRMS wanasema kila mwaka zinaongezeka spishi mpya za baharini kama 2,000. Chukua kadirio la chini la Appeltans, laki saba, toa zinazojulikana, zinabaki karibu laki tano. Gawa kwa 2,000. Miaka zaidi ya 200. Ukichukua namba ya Mora inakaribia miaka elfu moja, hapo naona bora tunyamaze.

## Si kuna DNA?

Hili ndilo jibu la kwanza nililopewa na kila niliyemlalamikia. Na nilitaka liwe kweli.

Kipande cha jeni kinaitwa COI, tangu 2003 Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, alipokipigia debe kinatumika kutambua mnyama bila kumpasua. Sasa hivi hata mnyama humhitaji, unachota maji, unasoma DNA iliyomo, unajua nani kapita. Inafanya kazi, sibishi. Ila inafanya kazi pale ambapo kuna maktaba ya kulinganishia, na maktaba inajengwa na nani? Na yuleyule mtu wa hadubini, aliyesema kielelezo hiki ni spishi fulani, na hii hapa DNA yake. Ukichota maji ya kina kirefu unapata mistari na mistari ya herufi ambazo mashine inakujibu haijui ni za nani. Msafara wa Tara Oceans mwaka 2015 ulitoa orodha ya jeni milioni 40 za viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, nyingi hazijawahi kuonekana popote.

Kwa hiyo DNA haijaondoa foleni. Imeirefusha, halafu imetuonyesha urefu wake, ambayo nayo ni faida kubwa tu.

Na kuna mahali imesaidia kweli, kwenye zile familia tatu ndiyo iliyoanza kusema ukweli. Tatizo langu ni pale watu wanapodhani mashine na mtu wa hadubini wanashindana.

## Laki moja kwa miaka kumi

Aprili 2023 Nippon Foundation ya Japani na Nekton, taasisi ya utafiti wa bahari ya Uingereza, walianzisha Ocean Census, lengo likiwa spishi mpya 100,000 ndani ya muongo mmoja. Machi 2025 wakatangaza 866.

Hapa nilivutwa huku na huku. Upande mmoja nafurahi, wana hela, wana meli, wanakusanya wataalamu kwenye warsha wakae pamoja na vielelezo badala ya kutumiana chupa kwa posta, na hilo ndo hasa lilikuwa linakosekana. Upande mwingine 100,000 kwa miaka kumi ni mara tano ya kasi ya dunia nzima, na hesabu yao inaanzia pale mtaalamu anaposema huyu ni mpya. Makala ya maelezo inakuja baadaye, kwa kasi yake ileile. Kwa hiyo ukisoma 866 soma kama idadi ya waliopata namba ya foleni, siyo waliohudumiwa.

Nadhani nitaendelea kuwashangilia, ila huwa natafuta kwanza namba ya pili, ile ya walioelezwa. Mara nyingi haipo kwenye habari.

## Nani ana haraka zaidi

Wakati foleni inasonga hivyo, kuna eneo la Pasifiki kati ya Hawaii na Mexico linaitwa Clarion-Clipperton, kilomita za mraba milioni 6 hivi, sakafu yake imejaa mabonge yenye manganisi, nikeli, kobalti na shaba. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari iliyoko Kingston, Jamaica, imeshatoa mikataba ya utafutaji kwa kampuni na serikali kadhaa. Mwaka 2023 Muriel Rabone wa makumbusho ya Natural History, London, na wenzake walijumlisha rekodi zote za wanyama wa pale wakapata makadirio ya spishi 5,578. Karibu 9 kati ya kila 10 hazina maelezo rasmi.

Sasa hapa kuna jambo linalonisumbua mpaka leo na sijalimaliza. Vielelezo vingi vya eneo hilo vimepatikana kwa sababu ya hao hao wanaotaka kuchimba, mkataba unawalazimisha wachunguze kilichopo kabla hawajagusa. Bila mabonge yale tusingewajua hata hao wachache. Meli zisingeenda. Kwa hiyo siwezi kukaa hapa nikasema wachimbaji ni shetani na wanasayansi ni malaika, wamesafiri meli moja, wamekula meza moja.

Mkataba mpya wa bahari kuu, ule uliopitishwa 2023 na kuanza kutumika Januari 2026, unadai tathmini ya athari na mgao wa faida za jeni za baharini, ila uchimbaji wa sakafu umeachwa mikononi mwa Kingston, na Kingston kanuni bado zinajadiliwa. Tathmini ya athari inauliza kitu rahisi, huyu mnyama yupo hapa tu au yupo na kwingine? Akiwa kwingine, ukivuruga hapa hajaisha.

Ila wanyama wa pale wengi wamepatikana mara moja tu, kielelezo kimoja, tena mara nyingine nusu mnyoo. Kwenye kanzidata wanaingia kwa namba za muda, mnyoo wa nne wa timu hii, mnyoo wa kumi na moja wa timu ile, na namba hizo kila timu imejipangia yenyewe. Inawezekana wa nne na wa kumi na moja ni mmoja, anaishi kilomita elfu mbili kutoka upande hadi upande na hana wasiwasi wowote. Inawezekana ni wawili na kila mmoja ana kilima chake kimoja tu. Chupa ya kwanza iko nchi moja, ya pili nchi nyingine, na wa kuzileta chini ya hadubini moja ni mtu ambaye kazi yake, kwenye taasisi nyingi, haina nafasi ya ajira iliyotangazwa.